Kituo kipya cha televisheni Mwanza: pesa ya vifaa ianzie wapi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tuko Nyegezi, Mwanza. Tumekuwa tukirusha vipindi mtandaoni na sasa tunaomba leseni ya televisheni ya mkoa. Tuna shilingi milioni 80 za vifaa. Muuzaji mmoja ametuandalia orodha: kamera tatu za 4K zenye lenzi za kubadilisha, drone, ukuta wa LED wa studio, swicha (kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani) ya matundu manne ya HDMI, na kompyuta moja yenye nguvu ya kuhariri na kurushia. Bajeti yote inaishia hapo. Tukubali? Na kwenye upande wa kurushia vipindi tutazame nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usimlipe kitu huyo muuzaji kwa sasa, hata kishika uchumba.

Orodha aliyokuandalia inamfaa mtu anayepiga video za harusi na kuzikabidhi wiki mbili baadaye. Siidharau kazi hiyo; wapo vijana Igoma na Buzuruga wanaotoa picha safi kuliko vituo vyenye majina. Ila wao kompyuta ikigoma Jumanne, wanamalizia Jumatano. Kwako ikigoma saa mbili kasorobo usiku, zimebaki dakika 15 taarifa ya habari ianze, na mtazamaji wa Sengerema ana rimoti mkononi. Nimeipitia orodha yote: hakuna UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika), hakuna taa, hakuna maiki, hakuna kompyuta ya pili ya kurushia. Mimi ningeanza na hivyo vilivyokosekana, kamera zije mwisho.

Anza kwa kumtafuta msambazaji wa mawimbi. Tangu mitambo ya analojia izimwe huku kwetu mapema mwaka 2013, mwenye maudhui na mwenye mtambo wa kusambaza ni watu wawili wenye leseni mbili tofauti. Huhitaji mnara wala transmita. Kituo chako kinaishia pale mnapokabidhi picha na sauti. Kwa hiyo mpigie mhandisi wa kampuni itakayowabeba, umuulize anapokea nini: SDI (picha na sauti kwa waya maalumu wa video) au mkondo wa IP (kwa njia ya mtandao)? Picha ya HD ya 1080i50 au ya kawaida ya 576i50? Anaupokea kwa faiba au kwa maikrowevu? Enkoda, yaani kifaa cha kubana picha ili isafirishwe, ni ya kwake au ununue wewe? Sauti anaitaka kwa kiwango gani? Na swali ambalo wengi hawaulizi: nitapewa megabiti ngapi kwa sekunde, yaani nafasi kiasi gani ya kusafirishia picha? Majibu ayaweke kwenye maandishi. Kuna watu wamenunua enkoda ya bei mbaya, wakafika mlangoni wakaambiwa haiingiliani na mtambo uliopo.

Hilo swali la megabiti ndilo linaloiangusha 4K. Chaneli moja ya UHF yenye upana wa MHz 8, kwa mfumo wa DVB-T2 wa televisheni ya kidijitali ya antena, hubeba takriban megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa kwa vituo vyote vilivyopangishwa humo. Vikiwa 15, kila kimoja kinabaki na mbili au mbili na nusu hivi. Kamera ya 4K inaweza kurekodi kwa megabiti 100, lakini kitakachomfikia bibi wa Misungwi ni hizo mbili, kwenye televisheni iliyounganishwa na king'amuzi kwa waya wa njano, mwekundu na mweupe. Pesa uliyolipia 4K imebaki studio.

Sasa zingatia enkoda inavyobana picha, maana hapa ndipo penye siri ya picha nzuri kwa pesa ndogo. Enkoda hulinganisha fremu moja na inayofuata, kisha hutuma kilichobadilika tu. Mtangazaji ametulia mbele ya ukuta wa rangi moja: kinachobadilika ni mdomo na macho, megabiti mbili zinatosha na uso unatoka safi. Zima taa mbili. Kamera inajiongezea nguvu ili ione, picha inajaa chenga, na chenga hizo hazifanani kati ya fremu moja na nyingine. Enkoda inadhani picha nzima imebadilika. Inazigawa megabiti kwenye chenga za ukutani, na uso wa mtangazaji unabaki miraba miraba kila akigeuza shingo. Watu wakiona hivyo husema kamera ni mbovu, wanakwenda kununua nyingine ya bei zaidi, miraba inabaki palepale.

Kwa hiyo nunua taa kabla ya kamera. Mbili pana zenye mwanga laini kwa mbele, moja nyuma ya bega kumtenga mtangazaji na ukuta, zote za LED zenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) ya 95 au zaidi na joto la rangi moja, tuseme 5600 K. Zijaribu dukani na kamera iliyowekwa shata ya 1/50 ya sekunde. Ukiona mistari inapanda na kushuka kwenye picha, zirudishe kwenye boksi. Huo ukuta wa LED ufute: vitone vyake hutengeneza mawimbi kwenye picha, unatoa joto, unakula umeme, na enkoda inauchukia kama inavyozichukia chenga. Ukuta uliopakwa rangi moja iliyokolea, na televisheni ya inchi 55 kwa picha za nyuma, unatosha kabisa kwa kituo cha mkoa.

Kitu kingine cha bei rahisi: king'amuzi cha kawaida na televisheni ya kawaida, inchi 24 hivi, vikae chumba cha kurushia. Mafundi wana tabia ya kutazama monita ya studio, ambayo inang'aa kama kioo cha saluni, na kujisifu. Wakatazame kile kinachotoka kwenye king'amuzi. Maandishi ya chini ya skrini yakikushinda kusoma ukiwa mita tatu, yakuze. Hata mkato wa matangazo utaugundua hapo kwanza, kabla simu hazijaanza kuingia.

Tuje kwenye kurushia. Sheria yangu ya kwanza: kompyuta ya kurushia haifanyi kazi nyingine yoyote. Haihariri, haifungui barua pepe, haina intaneti. Nimeona kituo kimoja, sitakitaja, Windows imeamua kujisasisha katikati ya ibada ya Jumapili, na asilimia za kusubiri zikaenda hewani zikiwa kubwa kabisa kwenye skrini. Flashi ya mteja aliyeleta tangazo la duka lake isiguse mashine hiyo hata siku moja. Iingie kwenye kompyuta nyingine, ikaguliwe virusi, faili libadilishwe kuwa fomati ya nyumba (aina moja ya faili mnayoitumia kituoni), ndipo lihamie kwa waya wa mtandao wa ndani.

Ya pili: ziwe mbili zinazofanana, zikicheza orodha ileile kwa wakati uleule. Mashine A iko hewani, mashine B inakimbia sambamba bila kuonekana. A ikikwama, fundi anabonyeza kitufe kimoja cha swicha ya kurushia. Huhitaji mashine za kutisha. Kompyuta mbili za kati, kila moja na diski ya SSD kwa mfumo, nyingine ya TB 2 kwa vipindi, na kadi ya kutolea SDI kama DeckLink, zinabeba kituo chenye 1080i50 bila jasho. Kwa programu ya kurushia, CasparCG ni ya bure. Imetengenezwa na televisheni ya umma ya Sweden, SVT, ambao wameitumia hewani tangu 2006. Kasoro yake ni kwamba inataka kijana anayeelewa kompyuta kwelikweli, si wa kubonyeza tu. Kama huna mtu huyo, lipia programu ya kurushia yenye msaada wa kiufundi, na kabla ya kulipa uulize msaada huo unapatikana saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki. vMix, programu ya swicha na michoro kwenye kompyuta, nayo naipenda sana, ila iache studio kwa michoro na vipindi vya moja kwa moja. Ukiipa kompyuta moja kazi ya swicha, michoro na kurushia, siku ikizima umezima kila kitu.

Ya tatu ni ya gharama ndogo mno: kifaa kidogo cha kuchezea video kinachozungusha nembo ya kituo na muziki wenu wenyewe, kimeunganishwa kwenye tundu la mwisho la swicha ya kurushia. A na B zikifa zote, nembo inakwenda hewani na unapata nafasi ya kupumua.

Nimetaja fomati ya nyumba. Chagueni moja na muibandike ukutani: tuseme 1080i50, megabiti 50 kwa sekunde, sauti 48 kHz. Kwa kiwango hicho saa moja inakula GB 22.5, hivyo diski ya TB 2 inabeba zaidi ya saa 80 za vipindi. Kosa litakalowasumbua zaidi ni video za simu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, tena idadi inapanda na kushuka, ilhali televisheni yetu inakwenda na 25. Ukiirusha hivyohivyo, picha inarukaruka na mdomo unaachana na sauti kadiri kipindi kinavyoendelea. Waandishi wako waweke simu kwenye fremu 25 tangu mwanzo. Kwenye iPhone kuna sehemu ya kuwasha fomati za PAL (za fremu 25) kwenye mipangilio ya kamera. Faida nyingine: umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa za ofisini hazitachezacheza kwenye picha.

Rekodini pia kila kinachokwenda hewani, saa 24. Kwa megabiti mbili kwa sekunde siku nzima haifiki GB 22, na diski ya TB 4 inahifadhi karibu miezi sita. Mtu akipeleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye Kamati ya Maudhui, rekodi hiyo ndiyo utetezi wako. Mteja wa tangazo akidai halikutoka saa aliyolipia, unamwonyesha.

Umeme sasa, na hapa Mwanza somo hili ni refu. UPS ndogo za dukani hukaa kimya hadi umeme ukatike, ndipo zinaruka kwenda kwenye betri. Kwa kompyuta ya karani inatosha. Kwa mashine A na B, swicha ya kurushia na enkoda, chukua UPS ya aina ya onlaini, ambayo vifaa vinakula umeme inaoutengeneza yenyewe muda wote na havijui huko nje kumetokea nini. Aina hii pia huvumilia umeme mchafu wa jenereta. Jumlisha wati za vifaa hivyo vinne, ongeza theluthi, utake dakika 30. Viyoyozi na taa za studio visiguse UPS hiyo. Hivyo visubiri jenereta. Betri za asidi ziweke chumba chenye ubaridi: kila joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri unapungua kwa nusu.

Radi ni habari nyingine. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na sisi tumejenga juu ya mawe. Fundi umeme atakuja na fimbo ya shaba ya ethi (ya kupeleka umeme wa radi ardhini), ataipigilia nusu mita, itagonga granaiti, ataikata kwa msumeno, atafunika udongo na kukuambia kazi imekwisha. Hapo huna ethi. Jiwe halipitishi umeme inavyotakiwa. Dai apime kwa kifaa cha kupimia ethi mbele yako, na usikubali zaidi ya omu 5. Kwenye kiwanja cha mawe mtalazimika kutafuta mifuko ya udongo, kulaza utepe wa shaba kwenye mtaro mrefu, kujaza udongo wa bentonaiti unaoshika unyevu, na kuunganisha fimbo kadhaa pamoja. Ni pesa ya kuuma, na haionekani kwenye skrini. Nisingeipunguza hata kidogo. Tena waya wowote wa shaba unaotoka nje ya jengo, uwe wa antena, wa dishi au wa kamera ya geti, ni njia ya radi kuingia kwenye raki ya vifaa. Ule unaokwenda kwa msambazaji uwe wa faiba. Kioo hakipitishi umeme.

Baada ya hayo yote, pesa iliyobaki ndiyo ya kamera, na bado itatosha. Nunua tatu za aina moja, za bega au za mkono, zenye zumu ya mota, matundu mawili ya maiki ya XLR na tundu la SDI. Sony PXW-Z90 na Panasonic HC-X2000 ziko kwenye daraja hilo. Angalia usiuziwe HC-X1500, ambayo kwa nje ni ndugu yake lakini haina SDI. Kamera za lenzi za kubadilisha zinapendeza kwa makala na matangazo ya biashara, moja baadaye si mbaya. Kwa mjadala wa saa mbili zitakutesa: baadhi hupata joto na kuzima, baadhi hukata rekodi kabla ya dakika 30, na hazivuti picha kwa ulaini ukiwa hewani.

SDI naing'ang'ania kwa sababu ya koneta. HDMI inashikilia kwa msuguano tu. Mtu akikanyaga waya, picha imekwenda, na ukipita mita 10 au 15 huna uhakika nayo. Koneta ya BNC, ile ya waya wa SDI, unaizungusha inajifunga, waya mmoja mzuri wa omu 75 unafika mita 80 hadi 100 kwa picha ya HD, na ukikatika fundi wako anaubana upya kwa koleo dakika tano. Kwa hiyo swicha nayo iwe ya SDI, ya matundu nane hata kama leo unatumia manne, na iwe ile inayolinganisha yenyewe mawimbi ya kamera zisizo na mlinganisho.

Kwenye sauti sitakaa sana, ingawa mtazamaji huvumilia picha mbaya kuliko sauti mbaya. Maiki mbili za waya za kubana shatini kwa studio, mbili zisizo na waya, moja ya mkononi kwa mtaani. Za waya hazina betri ya kuisha katikati ya taarifa. Kwa zisizo na waya, soma masafa nyuma ya boksi: zile za zamani zinazofanya kazi kati ya MHz 694 na 790 zimeuzwa rahisi huko zilikotoka kwa sababu masafa hayo sasa ni ya simu. Sauti yote ipimwe kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti anaousikia mtu. Ulaya wanatumia -23, na kama msambazaji wako hakukupa namba nyingine shika hiyo. Bila kipimo, tangazo la sabuni litamwamsha mtoto aliyelala wakati habari ilikuwa inanong'ona.

Kwa kazi za nje, nenda Mwaloni Kirumba alfajiri dagaa wakishushwa uone vifaa vyako vitakavyoteseka. Magamba, maji, mikokoteni inayogonga stendi, wapiga debe kila upande. Maiki ya mkononi inayosikia mbele tu ndiyo itakayokuokoa. Ile ya juu ya kamera italeta soko zima. Na ukirusha jioni ufukweni, wadudu wa ziwani watafuata taa yako. Wanaingia kwenye feni ya kamera na ya laptopu, wanabaki humo wakiwa tope jeusi. Simamisha taa moja ya chambo mbali na seti, hata ya tochi kubwa, kamera ikae upande wa giza, na mkirudi ofisini mpulize feni kabla ya kulala. Kurusha moja kwa moja kutoka Nansio au Magu hakuhitaji gari la matangazo: laptopu, mkondo wa SRT (njia ya kurusha video kwa intaneti isiyo imara) na laini za mitandao miwili tofauti vinatosha kwa ripoti ya dakika tano. Mpira nao, kabla hujaota kamera sita za uwanja wa Kirumba, kumbuka haki za Ligi Kuu zina mwenyewe, Azam. Ndondo za mitaani na mashindano ya shule ziko wazi mkielewana na waandaaji, na kamera tatu zinaziweza.

Ukitaka makadirio, kati ya hizo milioni 80 ningetenga theluthi nzima kwa umeme, ethi na upande wa kurushia; taa na sauti robo; kamera na stendi imara robo; kinachobaki ni swicha, waya, na vipuri vya kukaa kabatini. Bei zinabadilika na dola, lakini mgawanyo huo usiuachie uharibiwe na kamera. Ukikwama, punguza kamera zibaki mbili. Usipunguze mashine B.

Kabla ya kumalizia malipo, vifungwe vyote, orodha ichezwe saa 72 bila kusimama, na siku ya mwisho uingie mwenyewe ukazime swichi kuu ya umeme bila kumwambia mtu. Halafu uchomoe waya wa mashine A. Televisheni ya king'amuzi ikiendelea kuonyesha kipindi mara zote mbili, lipa. Muuzaji anayekataa kipimo hicho ameshakujibu.

Drone nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inataka kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), uwanja wa ndege uko palepale Ilemela, na kwa mwaka mzima utaihitaji siku chache. Ukitaka picha za juu za daraja la Kigongo–Busisi, kodi mtu mwenye drone yake na vibali vyake kwa siku moja, akupigie za asubuhi na za jioni, uzihifadhi kwenye maktaba.